Meno ya Nakuru na Maji ya Visima: Somo la Kemia Linalotuhusu Watu wa Pwani

Kila msimu wa kusajili makurutu, malalamiko yaleyale husikika kutoka Nakuru, Nyandarua na kaunti jirani. Kijana ana vyeti, ana afya, mbio amekimbia akamaliza, lakini anarudi nyumbani kwa sababu ya rangi ya meno yake. Huku kwetu Pwani twacheka. Twasema watu wa bara hawajui mswaki, au wamezidisha chai na sigara. Ukikaa barazani jioni utasikia sababu kumi za meno ya kahawia, na kila msemaji ana hakika na yake.

Makala haya yanataka kulichukua suali hilo kwa uzito wake. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, na serikali yasema inataka wengi wao wafuate mkondo wa sayansi. Wazazi wengi wa Pwani wanauliza: kemia itamsaidia nini mwanangu? Jibu mojawapo liko katika vinywa vya watoto wa Nakuru, na jibu hilo laja mpaka kwenye visima vyetu sisi.

Tuanze na jina. Kinachotia meno rangi huko ni floraidi iliyo ndani ya maji. Hapa kuna jambo la kwanza la kemia ambalo wengi huteleza. Florini ni elementi, yaani kitu cha asili ambacho huwezi kukivunja kikawa vitu vingine kwa njia za kawaida za kemia. Ikiwa peke yake ni gesi kali yenye sumu. Lakini ndani ya maji na mawe huikuti hivyo. Imeshachukua chaji moja ya umeme na kuwa ioni, nayo ndiyo tunayoiita floraidi. Tabia yake ni nyingine kabisa.

Mtu wa Pwani haoni ugumu hapa, kwa sababu chumvi ni mfano wa kila siku. Sodiamu ni metali inayowaka ikitiwa majini. Klorini ni gesi ya sumu. Zikiungana, ndiyo chumvi ile inayokaushwa kwenye mabwawa ya Gongoni na kutiwa mchuzini. Kwa hivyo ukisikia mtu asema "kitu fulani kina sumu ndani yake", muulize kwanza: kiko katika hali gani, na ni kiasi gani? Masuali hayo mawili ndiyo mlango wa kemia yote.

Kiasi ndicho kinachotofautisha kinga na madhara. Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana imo katika dawa za mswaki. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na Kenya inafuata mpaka huohuo. Juu ya hapo, meno ya mtoto anayekua huanza kupata madoa, kwanza meupe kama chokaa, kisha ya kahawia. Kiasi kikizidi sana, na mtu akinywa kwa miaka mingi, mifupa nayo hushikwa. Mgongo na viungo huwa vigumu, na wako waliolemaa.

Katika miaka ya 1980 watafiti walikusanya sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya chini ya ardhi kutoka pande mbalimbali za Kenya. Asilimia 61 zilipita miligramu 1 kwa lita. Karibu asilimia 20 zilipita miligramu 5, na asilimia 12 zilipita 8. Maeneo ya volkano, Bonde la Ufa likiwemo, ndiyo yaliyokuwa na viwango vya juu kabisa, na visima vingine vilifika miligramu 30 hadi 50. Katika Ziwa Nakuru na Elmenteita, yenye maji ya magadi, kiasi kilihesabiwa kwa mamia na hata maelfu ya miligramu.

Kwa nini huko? Ardhi ya Nakuru imelala juu ya mawe na majivu ya volkano, na mlima Menengai wenye shimo lake kubwa umesimama juu ya mji. Mawe hayo yana floraidi. Maji ya mvua yakizama, yakakaa chini miaka mingi, huiyeyusha kidogo kidogo. Lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kalsiamu. Floraidi ikikutana na kalsiamu ya kutosha, huungana nayo ikawa madini yasiyoyeyuka kwa urahisi, yakatulia chini. Maji ya Bonde la Ufa yana sodiamu nyingi na kalsiamu chache, kwa hivyo floraidi haipati wa kuishika, inabaki ikielea majini.

Sisi wa Pwani tumejenga juu ya mawe ya matumbawe, ambayo yana kalsiamu nyingi. Ndiyo sababu adui wa visima vyetu kwa kawaida si floraidi. Ni chumvi ya bahari inayoingia tukivuta maji kupita kiasi, na uchafu wa vyoo vilivyochimbwa karibu. Hata hivyo tusijidanganye kwamba mwamba peke yake watosha kutoa hukumu. Maji ya Mzima yanayokuja Mombasa kwa bomba hutoka kwenye vilima vya Chyulu, navyo ni vya volkano. Anayejua maji yana nini ni yule aliyeyapima.

Sasa turudi kwenye zile sababu kumi za barazani. Twawezaje kuzichuja? Hii ndiyo njia ya sayansi, na haihitaji koti jeupe. Unachukua kila dhana na kuiuliza: kama wewe ni kweli, tungeona nini? Kisha unakwenda kuangalia.

Kama ni chai na sigara, basi watoto wadogo wasiovuta wangekuwa na meno safi, na madoa yangetoka daktari akisugua. Sivyo. Doa la floraidi limo ndani ya enameli yenyewe, na aghalabu jino la kulia na mwenzake wa kushoto hufanana, kwa sababu yalijengwa wakati mmoja. Kama ni kutopiga mswaki, basi mtoto anayepiga mswaki kila siku angepona. Haponi. Kama ni ukoo au kabila, basi watu wa kabila hilo waliolelewa Mombasa wangekuwa nayo, na mgeni aliyezaliwa Nakuru angeepuka.

Hapa Pwani tuna ushahidi wetu wenyewe tusioutumia. Wako jamaa zetu waliokwenda Nakuru na Naivasha kwa biashara, kwa kazi za mashamba ya maua, au kwa masomo ya Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Aliyekwenda akiwa na miaka 30 alirudi na meno yake vilevile. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa huko, akinywa maji ya kisima chenye floraidi nyingi, anaweza kuwa na meno ya kahawia japo baba ni wa Lamu na mama ni wa Malindi. Sababu ni kwamba enameli ya meno ya kudumu hujengwa katika miaka minane hivi ya mwanzo. Ikishakamilika, maji hayawezi tena kuibadilisha kwa namna hiyo. Dhana ya maji yaeleza yote mawili, mzazi na mtoto. Dhana ya kabila haielezi hata moja.

Ulimwengu haukufika hapo kwa siku moja. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia. Huko nako kulikuwa na sababu za barazani: nyama ya nguruwe, maziwa mabaya, maji yenye chokaa. McKay alitumia miaka mingi kuzipima. Mwaka 1923 alikwenda mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi walimwambia madoa yalianza baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji moto. Akayapeleka maji hayo kupimwa, wala hakikuonekana kitu. Pamoja na hayo akawashauri waliache bomba lile na kutumia chemchemi nyingine. Baada ya miaka michache, watoto wadogo waliota meno ya kudumu yasiyo na doa.

Angalia vizuri jambo hili. McKay alikuwa na ushahidi kwamba ni maji kabla ya kujua ni nini ndani ya maji. Kilichomkwamisha ni kwamba vipimo vya wakati ule havikuitafuta floraidi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya alumini, alipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, kwa chombo kikali zaidi na akaikuta. Kutoka swali la kwanza mpaka jibu ilikuwa miaka 30. Kwa hivyo mtu akikuambia "maji yamepimwa, hayana neno", una haki ya kuuliza: yamepimwa kwa kutafuta nini?

Suali la pili la mwananchi ni: basi tufanye nini? Hapa ndipo kutojua kemia kunapogharimu watu. Wengi hudhani kuchemsha kunatibu kila maji. Kuchemsha huua vijidudu, na hilo ni jambo kubwa, lakini floraidi haina uhai wa kuuawa, wala haiondoki na mvuke. Chukua lita 10 za maji yenye miligramu 3 kwa lita. Jumla ni miligramu 30. Yachemshe mpaka zibaki lita 8. Zile 30 zimo bado, na sasa kila lita ina 3.75. Umeyaua magonjwa na kuikoleza floraidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi, na kitambaa cha kuchujia huipitisha kama ilivyo.

Kinachofaa ni nini? Cha kwanza ni kuchanganya. Lita moja ya kisima chenye miligramu 4, ikichanganywa na lita tatu za maji ya mto yenye 0.4, yatoa lita nne zenye jumla ya 5.2, yaani 1.3 kwa kila lita. Yamerudi ndani ya mpaka. Cha pili ni kuvuna mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hivyo floraidi yake ni ndogo mno. Familia isiyoweza kuvuna ya kufulia na kuoga ivune angalau ya kunywa na kupikia ya watoto wadogo.

Cha tatu ndicho kinachopendeza zaidi kwa mwanafunzi wa kemia. Tangu 1998 mpango wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umekuwa ukitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri kwa moto uliodhibitiwa, husagwa, na maji hupitishwa ndani yake. Kwa nini mifupa? Kwa sababu mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya namna moja, ya kalsiamu na fosfati, yenye nafasi ambazo floraidi yapenda kuingia na kukaa. Jambo lilelile linalomfanya mtoto aathirike ndilo linalotumika kumkinga: floraidi inapewa mfupa wa ng'ombe ishikamane nao kabla haijafika kwenye mfupa wa mtoto. Tanzania nayo ina kituo cha utafiti wa kazi hiyo Ngurdoto, karibu na Arusha, eneo lililoteseka sana kwa floraidi.

Msomaji Mwislamu atauliza mifupa hiyo ni ya mnyama aliyechinjwa vipi. Ni suali la haki, na la kujibiwa na masheikh pamoja na watengenezaji. Kemia inaweza kusema kichujio kinashika floraidi kiasi gani na lini kimechoka. Kwa maana kichujio huchoka, na kikishajaa hupitisha maji yaleyale machafu huku mwenye nyumba akidhani amesalimika. Halali na haramu si kazi ya maabara. Kujua suali gani laulizwa wapi nako ni sehemu ya elimu.

Iko pia njia ya shabu, ile tunayoijua Pwani kwa kutuliza maji ya tope. India walibuni utaratibu wa kutumia chumvi za alumini za jamii hiyo pamoja na chokaa ili kuteremsha floraidi. Hufanya kazi, lakini yataka kipimo sahihi kila siku, na mabaki yake yatupwe vizuri. Si jambo la kukisia kwa kiganja.

Tena tusisahau magadi. Wengi wetu twatia magadi kwenye mboga na maharagwe ili yaive upesi. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kubeba floraidi, na watafiti Tanzania wameyahusisha na madoa ya meno hata pale ambapo maji si mabaya sana. Kidogo mara moja moja si balaa. Lakini nyumba yenye watoto wadogo isifanye magadi kuwa kiungo cha kila siku.

Sasa siasa, kwa sababu maji Kenya hayaachani na siasa. Nakuru ilitangazwa kuwa jiji Desemba 2021, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Jiji hilo lanywa kwa sehemu kubwa kutoka visima virefu, vikiwemo vya Kabatini na vya mahali panapoitwa, ajabu, Baharini. Ili kupata maji ya mto ya kutosha, serikali ilianza bwawa la Itare huko Kuresoi mwaka 2017. Kazi ikakwama baada ya mkandarasi Mwitaliano kuingia matatani kifedha mwishoni mwa 2018. Watu waliichukulia kama habari ya mabilioni na kesi, lakini kikemia ilikuwa na maana nyingine: kukosekana kwa maji ya mto ni kukosekana kwa ile lita tatu ya kuchanganyia. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kazi ilipoanza, sasa enameli yake imekwisha jengwa. Bwawa likikamilika kesho, litamfaa mdogo wake. Yeye limempita.

Ndiyo sababu si haki kumwambia kijana wa Nakuru, akiwa na miaka 20, kwamba meno yake yamemkosesha kazi ya nchi. Alikunywa maji aliyopewa. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Dola iliyoshindwa kutimiza hilo utotoni mwake haifai kumhukumu kwa alama yake utu uzimani.

Na sisi Pwani? Twalijua jambo hili kwa machungu yetu. Owino Uhuru, Mombasa, watoto waliugua kwa miaka karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mtoto wa Phyllis Omido alitibiwa malaria na homa ya matumbo, hali isibadilike, mpaka damu yake ilipopimwa risasi. Hapo ndipo mambo yote yalipopata maelezo. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, uamuzi huo ukatenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Kesi nzima ilisimama juu ya vipimo vya damu na udongo. Bila kipimo, akina mama wale wangebaki kuambiwa ni malaria.

Kwa hivyo elimu ya kemia isiwe ya kukariri jedwali la elementi kwa ajili ya mtihani tu. Shule nyingi za Pwani hazina maabara ya maana, na mkondo wa sayansi bila maabara ni jina tupu. Lakini hata mahali pasipo na vifaa, mwalimu aweza kuanza: pima lita moja ya maji ya kisima cha shule, yakaushe, pima uzito wa kilichobaki, rudia kiangazi na masika, andika kwenye daftari. Hilo halitaonyesha floraidi wala vijidudu, lakini litaonyesha kama chumvi yapanda mwaka hadi mwaka, na litamfunza mtoto kuamini daftari kuliko uvumi.

Nasi wazee tuna kazi nyepesi zaidi. Mwaka ujao ni wa uchaguzi, na visima vitazinduliwa kila kitongoji, utepe utakatwa na picha zitapigwa. Kabla ya kupiga makofi, mtu mmoja asimame aulize kwa adabu: cheti cha maabara kiko wapi, kimepima nini, lini, na kitapimwa tena lini? Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya kuiona karatasi hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza njia ya kuiomba. Ikiwepo, ibandikwe kwenye kisima watu wasome. Isipokuwepo, watoto wasianze kunywa.